Kaminari, inazuma au ikazuchi: uchague neno lipi la Kijapani la radi?

Mpwa wangu ana timu ya mpira ya mtaani, na mwaka huu wameamua kubadili jina. Karibu wote ni wapenzi wa katuni za Kijapani, basi akanijia: "Mjomba, wewe umesoma Kijapani. Radi wanaiitaje?" Nikamuuliza kama anataka ile inayopiga mnazi ukakauka, ile inayonguruma mbali, au ule umeme unaomweka dirishani. Akaona namzungusha. Lakini sikuwa namzungusha. Kijapani kina maneno mengi ya jambo hili, kila moja lina mahali pake, na anayechukua la kwanza analokutana nalo huishia kusema asichokusudia.

Tatizo huanzia kwenye kamusi. Wengi wetu tunajifunza Kijapani kwa kupitia Kiingereza, na huko maneno haya yote hurundikwa chini ya tafsiri moja au mbili. Ukiyapima kwa Kiswahili yanajipanga vizuri zaidi. Tunayo radi, tunayo ngurumo, tunao umeme, na hakuna mtoto wa pwani anayeyachanganya. Tena tuna mpunga, mchele na wali, na hilo nalo litatusaidia punde.

Kaminari: kinacholia

Kaminari ni neno la kila siku, na kama unataka moja tu la kuzungumza na watu, chukua hili. Limeundwa na kami, yaani mungu au mzimu wa asili, na nari, kutoka kitenzi naru. Naru ndiyo kulia kwa maana ile tunayosema ngoma inalia, kengele inalia. Kwa hiyo kaminari ni mungu anavyolia, na sauti ndiyo kiini chake. Mjapani akiwa ndani, mapazia yamefungwa, akasikia mlio, atasema kaminari.

Pamoja na hayo, siku hizi neno hili limebeba pia kile kinachopiga. Sisi husema radi imepiga. Wao husema kaminari imeanguka, kaminari ga ochita. Idara ya hali ya hewa ya Japani ikitoa tahadhari ya radi, tahadhari hiyo inaitwa kaminari chūihō. Hata bosi akimfokea mfanyakazi kwa kishindo, husemwa "ameangusha kaminari". Kuna na msemo wa zamani unaotaja vitu vinne vya kuogopwa, kwa mpangilio: jishin, kaminari, kaji, oyaji, yaani tetemeko, radi, moto na baba. Ukisikia msemo huo unaelewa kwamba kaminari ni kitu cha nyumbani, kinachoogopwa jinsi mtu anavyomwogopa mzazi.

Watoto humwita Kaminari-sama, kwa heshima, na sauti yake ni gorogoro. Huambiwa wafunike matumbo kunaponguruma, maana Kaminari-sama huja kuchukua vitovu. Mimi nilicheka niliposikia mara ya kwanza, halafu nikaelezwa sababu: mvua ya radi ya kiangazi huja na upepo wa baridi wa ghafla, na mtoto aliyelala tumbo wazi kwa ajili ya joto huamka anaumwa. Bibi aliyetunga habari ya vitovu alijua anachokifanya.

Sura ya huyo mungu wa radi, Raijin, unaweza kuwa umeshaiona bila kujua jina lake: kiumbe mwenye misuli, amezungukwa na duara la ngoma ndogo, ameshika vipigio mkononi. Mchoro mashuhuri kuliko yote ni wa Tawaraya Sōtatsu, karne ya 17, kwenye skrini za kukunja za hekalu la Kennin-ji huko Kyoto, ambapo Raijin amekabiliana na Fūjin, mungu wa upepo. Wawili hao hao wanalinda lango la hekalu la Sensō-ji, Asakusa, Tokyo. Lango liliungua mwaka 1865 na halikujengwa tena hadi 1960, na taa yake nyekundu ya karatasi ina kimo cha mita 3.9 na uzito wa kilo 700 hivi. Jina lake rasmi lina miungu yote miwili, Fūraijinmon, lakini watu wamemsahau mwenye upepo. Wanasema Kaminarimon, Lango la Radi, basi.

Kaminari ina upande mwingine, mzito zaidi. Sugawara no Michizane alikuwa msomi na waziri aliyesingiziwa na kupelekwa uhamishoni Dazaifu, Kyushu, mwaka 901, akafia huko 903. Mwaka 930 radi ilipiga jumba la Seiryōden ndani ya kasri la mfalme, ikaua maofisa, na mfalme Daigo akafariki miezi michache baadaye. Watu hawakuwa na shaka ni nani aliyelia. Wakamjengea Michizane mahali pa ibada Kitano, na leo yeye ni Tenjin, mungu wa elimu, ambaye wanafunzi humwendea kabla ya mitihani. Ndipo wengine wanapolitafutia asili lile neno la kujikinga, kuwabara kuwabara, linalosemwa radi inapokaribia. Kuwabara ni shamba la miforosadi, na yasemekana ardhi ya Michizane yenye jina hilo haikupigwa na radi kamwe. Wengine wana hadithi tofauti, ya mungu wa radi aliyetumbukia kisimani katika kijiji cha Kuwabara na kuahidi hatarudi. Zote mbili husimuliwa.

Inazuma: mwenzi wa mpunga

Hili ndilo neno ninalolipenda, na ndilo linaloharibika sana kwenye tafsiri.

Ine ni mpunga. Wajapani, kama sisi, hawana neno moja la jumla: mmea ni ine, punje iliyokobolewa ni kome, kilichopikwa ni gohan. Mpunga, mchele, wali, sawasawa kabisa. Kwa hiyo inazuma ni habari ya mmea ulio shambani, majini, ukiwa bado haujavunwa. Sehemu ya pili, tsuma, leo huandikwa kwa kanji, yaani herufi iliyotoka China, ya mke, na wengi hutafsiri "mke wa mpunga". Hapo wanakosea. Katika Kijapani cha kale tsuma lilitumika kwa mume na kwa mke, yeyote kati ya wawili waliooana. Sisi tunalo neno hilo hasa, mwenzi. Inazuma ni mwenzi wa mpunga, na katika ndoa hii umeme ndiye mume.

Imani yenyewe ni hii: umeme unapomulika mashamba, mpunga hushika mimba na kutoa masuke. Kulikuwa na jina jingine la kale lililosema jambo hilo bila kuficha, inatsurubi, ambapo tsurubi ni kupandana. Wakulima wetu nao wakiona shina la mpunga limevimba kabla masuke hayajatoka husema umebeba mimba. Mjapani wa kale alisema hivyo hivyo, kisha akamtaja na baba.

Si imani iliyotoka hewani. Mpunga wa Japani huchanua mwishoni mwa kiangazi, na hicho ndicho kipindi cha joto kali na mawingu ya radi jioni. Aliyeangalia mashamba mwaka baada ya mwaka aliona umeme na masuke vikija pamoja. Tena joto la radi huunganisha naitrojeni ya hewani na oksijeni, na mvua huishusha ardhini kama mbolea kidogo. Sidhani kiasi hicho ndicho kinachojaza maghala, lakini mkulima aliyesema mwaka wa radi nyingi ni mwaka wa mpunga mwingi hakuwa anaota. Katika vijiji vya Kantō, eneo linaloizunguka Tokyo, kulikuwa na desturi ya kusimamisha mianzi mibichi pale radi ilipopiga shambani na kuizungushia kamba takatifu. Mahali pale palikuwa pamefikiwa na mungu.

Linganisha sasa. Kaminari unaisikia, inazuma unaiona. Na katika ushairi tofauti inakwenda mbali zaidi, kwa sababu haiku, lile shairi fupi la Kijapani, hudai neno la msimu, na kila neno limesajiliwa kwenye msimu wake. Kaminari ni la kiangazi. Inazuma ni la majira ya kupukutika majani, tuyaite vuli, kwa sababu ya masuke. Basi ukiandika inazuma, msomaji wa Kijapani haoni tufani. Anaona usiku wa mapema wa vuli, mwanga unamweka mbali upeoni, mara nyingi bila sauti yoyote, na mashamba yanaonekana kitambo kisha yanapotea. Ukitaka kishindo ukaandika inazuma, umekosea msimu na umekosea hisia.

Dini ya Buddha nayo imeongeza lake. Katika maandiko yake umeme ni mfano wa maisha yapitayo upesi, pamoja na umande. Mfano huo ulitumiwa hadi ukachakaa, na mwaka 1690 mshairi Matsuo Bashō aliandika haiku ya kumsifu mtu anayeona inazuma bila kujitia ameshaijua siri ya maisha. Ni shairi fupi linalowaambia wenye hekima za kuazima wanyamaze waangalie mwanga.

Jambo moja la maandishi, kwa wanaojifunza. Kwa asili ya neno, "zu" hiyo ilitoka kwenye "tsu" ya tsuma, na zamani iliandikwa kwa alama inayoonyesha hivyo. Kanuni za tahajia za mwaka 1986 zinataka alama ya kawaida ya "zu", ingawa ile ya zamani inaruhusiwa, kwa maelezo kwamba mzungumzaji wa leo hatenganishi tena maneno mawili ndani yake. Kwa maneno mengine, serikali iliandika rasmi kwamba ndoa ile imesahaulika.

Inabikari, "mwanga wa mpunga", ni ndugu yake mpole. Nalo ni la vuli, nalo ni la kuonekana. Ukisema umeona mwako angani na huna nia ya ushairi, inabikari inatosha.

Ikazuchi: chenye nguvu

Hapa tunaingia nyuma kabisa. Ika ni ukali, ukuu wa kutisha. Tsu ni kiunganishi cha kale kama "-a" yetu. Chi ni nguvu iliyo hai, mizimu. Ikazuchi halisemi sauti wala mwanga, linasema uwezo ulio nyuma yake. Huwezi kulisikia dukani wala kituo cha basi.

Katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712, mungu Izanami anafariki kwa kumzaa mungu wa moto. Mumewe Izanagi anamfuata kuzimu, anawasha taa asiyopaswa kuiwasha, na anamkuta mkewe ameoza huku ikazuchi wanane wamekaa mwilini mwake: kichwani, kifuani, tumboni, utupuni, mikono miwili, miguu miwili, kila mmoja na jina lake. Mzuka wa radi hapa haukai mawinguni, unakaa ndani ya maiti, chini ya ardhi. Mtu anayetaka neno zuri la nembo ya fulana ajue kwamba ndani ya ikazuchi kuna harufu hiyo.

Lakini si kifo peke yake. Mjini Kyoto kuna Kamo Wakeikazuchi, mahali pa ibada panapojulikana zaidi kwa jina la Kamigamo, na mungu wake ana ikazuchi katika jina. Hadithi yake inasema binti Tamayorihime aliokota mshale mwekundu uliokuwa ukielea mtoni, akauweka nyumbani, akapata mimba. Mtoto alipokua akaulizwa baba yake ni nani, akapaa mbinguni. Angalia jinsi mshale na mpunga vinavyosimulia kitu kimoja: kinachoshuka kutoka juu kinaacha mimba chini. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ikazuchi ni la vita na inazuma ni la kilimo. Yamechanganyikana tangu mwanzo.

Jeshi la majini la Japani liliyatumia yote mawili kwa meli, Inazuma na Ikazuchi, zikafanya kazi pamoja, na meli za leo zimerithi majina hayo hayo. Ile Ikazuchi ya zamani inakumbukwa kwa tendo la Machi 1942 katika Bahari ya Java: nahodha wake, Kudō Shunsaku, alisimamisha meli katikati ya vita na kuokoa majini mamia ya mabaharia wa Uingereza, maadui zake, waliokuwa wameelea tangu siku iliyotangulia.

Rai, den na hekireki: maneno yaliyokuja kwa meli

Neno letu radi limetoka Kiarabu, ra'd, na huko maana yake ni ngurumo. Lilikuja na biashara na dini, likakaa jirani na ngurumo na umeme ambayo ni ya kwetu, kila moja likapata kazi. Kijapani kilifanya hivyo na Kichina. Rai ni kanji ile ile ya kaminari, mvua juu ya shamba, ikisomwa kwa matamshi yaliyotoka China. Haisimami peke yake mara nyingi, huungana: raiu ni mvua ya radi, raimei ni ngurumo, rakurai ni kupigwa kwa radi, hiraishin ni kinga ya radi juu ya jengo. Bomu la kutegwa ardhini ni jirai, radi ya ardhini. La kurushwa majini ni gyorai, radi ya samaki. Kwa habari ya gazeti au ripoti ya bima, hapa ndipo pa kuchukua maneno.

Rai lina mshindo wa ufupi, na watu wa nguvu walilipenda. Mwanasumo Raiden Tameemon, aliyezaliwa 1767, alishinda mara 254 na kushindwa mara 10 tu. Kama mpwa wangu angetaka jina la mpiganaji mmoja, ningempa hilo bila kufikiri.

Den nalo lilikuwa umeme wa mawinguni. Kisha ikaja nguvu ya nyaya, na neno likahamia huko: denki ni umeme wa nyumbani, denwa ni simu, densha ni treni ya umeme, denchi ni betri. Sisi tulifanya safari ile ile kwa neno moja, umeme, bila hata kubadili kiambishi. Tahadhari tu: Kijapani hakikuhamisha inazuma. Umeme ukikatika usiseme chochote cha inazuma, sema teiden.

Hekireki ni mpasuko wa radi kubwa, na leo linaishi karibu lote katika msemo seiten no hekireki, radi kutoka anga la buluu, kwa habari ya ghafla isiyotarajiwa. Asili yake ni ushairi wa China. Jimbo la Aomori liliupa mchele wake mpya jina hilo, ukaingia sokoni mwaka 2015. Radi imerudi tena kwenye mpunga.

Anayezungumzia mahali au msimu

Hapa maneno ya jumla hayatoshi. Kaskazini mwa Kantō, mikoa ya Tochigi na Gunma, radi ni za kiangazi na watu huziita raisama kama jirani anayekuja kila jioni. Mji wa Utsunomiya umejipa lakabu ya mji mkuu wa radi. Lakini mji wenye siku nyingi za radi kwa mwaka ni Kanazawa, pwani ya Bahari ya Japani, zaidi ya siku 40 kwa wastani, na nyingi huja majira ya baridi, pale hewa ya Siberia inapopita juu ya bahari yenye vuguvugu. Huko kuna maneno mawili ya ajabu: yuki-okoshi, mwamsha theluji, na buri-okoshi, mwamsha buri. Buri ni samaki mkubwa wa majira ya baridi, na mvuvi wa ghuba ya Toyama akisikia ngurumo hiyo anajua msimu wake umefika. Radi ya kwanza ya machipuko, karibu na tarehe 6 Machi, ni mushidashi, mtoa wadudu, inayowaamsha waliolala ardhini.

Kwa hiyo anayeandika hadithi ya mvuvi wa Himi, bandari ya ghuba hiyo ya Toyama, akamwekea mdomoni inazuma, amemwondolea bahari.

Nani achukue nini

Mpwa wangu nilimpa inazuma, kwa sababu timu yao ina winga wawili wepesi na hawana mabeki wa kutisha mtu. Alipenda zaidi nilipomweleza habari ya mpunga. Babu yake alilima mpunga Kilombero. Kama shida yake ingekuwa kuzungumza na wageni, ningesema kaminari na tungemalizia hapo. Ikazuchi ningemwachia mtu anayeandika jambo la kale, au aliye tayari kuulizwa na Mjapani mzee kwa nini amelichagua.

Mimi mwenyewe ningechukua jingine, ambalo halimfai mchezaji wala mwandishi wa habari: narukami. Ni maneno yale yale ya kaminari yakiwa yamegeuzwa, "mungu aliaye", na ni la kishairi tupu. Limo katika Man'yōshū, diwani ya karne ya 8, katika mashairi mawili ya kujibizana. Mwanamke anaona mpenzi wake anajiandaa kuondoka, anatamani narukami ingurume kidogo tu, mawingu yafunge, mvua inyeshe, apate sababu ya kumzuia. Mwanamume anajibu: narukami isiponguruma, mvua isiponyesha, nitabaki tu, ukiniambia nibaki.